Matairi makubwa kwa lori la M35A2: 11.00R20, 395/85R20 au 14.00R20?

Mtu akishanunua M35A2, lori la tani mbili na nusu lenye ekseli tatu, kwenye mnada wa magari yaliyostaafu jeshini Marekani, hamu ya matairi makubwa humjia hata kabla hajabadilisha oili ya injini. Hamu hiyo naielewa. Matairi ya asili, 9.00-20 (upana wa inchi 9 kwa ringi ya inchi 20; R mahali pa kistari ni tairi la radial), ni membamba, ni ya nailoni, yana tyubu, na kashata zake (meno ya tairi) za kijeshi zisizo na mbele wala nyuma hazishiki vizuri lami iliyolowa. Ukilitazama lori kwa ubavu, bodi nzito ya chuma na chasisi yake ndefu vinaonekana vimekalia magurudumu ya mkokoteni.

Hata hivyo saizi inayopendwa zaidi kwenye picha, 14.00R20, haikai kwenye lori hili likiwa na ekseli zake zote tatu. Wauzaji wengi wa matairi hawakuambii, maana kazi yao ni kuuza tairi na wala siyo kulifunga. Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue ninakoelekea: kwa mwenye M35A2 ya kawaida anayetaka kuitumia kwa kazi na safari, 11.00R20 ya singo, yaani tairi moja tu kila upande wa ekseli, ndiyo chaguo la kwanza. 395/85R20 ni ya mtu aliye tayari kushughulikia breki na stelingi kwanza, ringi na matairi baadaye. 14.00R20 iachie lori la tani tano, au M35A2 iliyokatwa na kubaki na ekseli mbili.

Anza na futi kamba. Chuchumaa ubavuni, pale ekseli mbili za nyuma zinapokaribiana. Weka ncha ya futi katikati ya habu ya kwanza, vuta hadi katikati ya habu ya pili. Utasoma inchi 48, yaani karibu sentimita 122. Hapo ndipo ulipo mpaka wa tairi lako. Matairi mawili yanayofuatana kwenye mstari mmoja hayawezi kuwa na kipenyo kinachozidi umbali kati ya habu zake, kwa sababu kila moja linatoa nusu ya kipenyo chake kuelekea mwenzake. Tairi la 14.00R20 lina kipenyo cha karibu sentimita 126. Yatagusana hata kabla lori halijawashwa.

Hesabu nyingine zote zinatokana na kipenyo hicho hicho. Jedwali hili nimelipigia hesabu kwa difu (gia za ndani ya ekseli) ya asili ya M35A2, ambayo uwiano wake ni 6.72. Vipenyo ni vya makadirio, vinapishana kidogo kulingana na kiwanda na urefu wa kashata.

| Tairi | Kipenyo (sm) | Nafasi kati ya matairi ya nyuma (sm) | Lori linainuka (sm) | Difu inakuwa sawa na | Nguvu ya kuvuta inapungua kwa |
|---|---|---|---|---|---|
| 9.00-20 (asili) | 102 | 20 | – | 6.72 | – |
| 11.00R20 | 108 | 14 | 3 | 6.35 | 6% |
| 14.5R20 | 109 | 13 | 3.5 | 6.29 | 6% |
| 395/85R20 | 118 | 4 | 8 | 5.81 | 14% |
| 14.00R20 | 126 | yanagongana | 12 | 5.44 | 19% |
| 16.00R20 | 134 | yanagongana | 16 | 5.12 | 24% |

Safu ya mwisho ndiyo ya kuitazama kwa makini. Wengi huisoma kama habari ya mlima tu, kwamba lori litapanda taratibu zaidi. Ni kweli, na injini ya M35A2 haina akiba kubwa: ile ya lita 7.8 inayokubali mafuta ya aina nyingi inatoa nguvu-farasi kama 130 hadi 140, na lori likiwa tupu tayari lina karibu tani sita. Lakini asilimia hiyo hiyo inazigusa breki pia. Dramu haikuongezeka ukubwa, tairi limeongezeka, kwa hiyo breki inapambana na mkono mrefu zaidi. Ukifunga 395/85R20, unapokanyaga pedali kwa nguvu ile ile, nguvu inayofika barabarani imepungua kwa asilimia 14.

Na breki za M35A2 zinahitaji kuzungumziwa kwa uwazi. Ni za hidroliki zinazosaidiwa na upepo, na mzunguko wake ni mmoja. Bomba moja likipasuka popote, pedali inazama na magurudumu yote yanabaki bila breki ya mguu, unabaki na breki ya mkono. Jeshi liliishi na mfumo huo kwa kuwa lilikuwa na karakana, ratiba ya ukaguzi na mwendo wa misafara usiozidi kilomita 90 kwa saa. Anayefunga matairi makubwa ili akimbie kilomita 105 kwenye barabara kuu, huku mabomba ya breki yakiwa yale yale ya miaka ya 1960 au 1970, anacheza na maisha ya watu walio mbele yake. Hili nalisema bila kuuma maneno.

Singo au dabo

Kabla ya saizi, amua jambo hili. M35A2 ilitoka kiwandani na matairi kumi: mawili mbele, manane nyuma yakiwa dabo, yaani mawili mawili kila upande wa ekseli. Karibu kila mpango wa tairi kubwa unabadilisha nyuma kuwa singo, kwa sababu ringi za asili zikifungwa dabo zinaacha nafasi ndogo inayotosha 9.00-20. Ukizivalisha 11.00R20 kwa dabo, mbavu za matairi mawili zinabusiana, zinasuguana, zinapata moto, na tairi la ndani linapasuka bila wewe kuliona.

Singo ina faida ya kweli porini. Tairi la nyuma linapita kwenye njia ambayo la mbele limeshaifungua, badala ya kulima mifereji mipya miwili kila upande. Mawe hayakwami kati ya matairi mawili. Matope hayajazani pale katikati. Unabeba matairi sita na spea moja badala ya kumi na spea. Hasara yake unaijua siku ya pancha ukiwa na mzigo: dabo likipasuka moja, mwenzake anakufikisha mahali pa kulibadilishia ukienda polepole, singo likipasuka umesimama hapo hapo.

Hesabu ya mzigo pia inabadilika, na hapa ndipo mtu anapaswa kusoma ubavu wa tairi badala ya kulitazama ukubwa. Kila tairi la siku hizi lina namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Namba 140 ni kilo 2,500 kwa tairi moja, 150 ni kilo 3,350, 160 ni kilo 4,500. Herufi G ni mwisho wa kilomita 90 kwa saa, J ni 100, K ni 110. Tuseme umepakia hadi sehemu ya nyuma ikabeba tani nane. Kwa dabo kila tairi lina tani moja. Kwa singo kila tairi lina tani mbili, na hilo ni kwenye barabara tambarare kabisa, kabla gurudumu moja halijapanda juu ya jiwe na kubeba mzigo wa jirani yake. Tairi la kijeshi la 395/85R20 linabeba uzito huo bila taabu. Tairi la nailoni lililochoka la 11.00-20 ambalo hujui plai zake (tabaka za nyuzi za ndani) ni ngapi, hapana.

11.00R20: chaguo lililowahi kufanywa na jeshi lenyewe

Kinachonifanya niiamini saizi hii ni historia ya lori lenyewe. Familia hii ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa muundo wa kampuni ya REO, kulikuwa na ndugu wawili. M35 ilipewa 9.00-20 na dabo nyuma. M34 ilipewa 11.00-20 za singo kwenye ekseli zote tatu. Kwa hiyo anayefunga 11.00R20 za singo leo anairudisha M35A2 kwenye mpangilio ambao wahandisi wake waliukubali tangu mwanzo, juu ya ekseli za aina ile ile.

Inaingia kwenye ringi za asili za inchi 7.5, ingawa watengenezaji wa matairi hupendelea ringi ya inchi 8 kwa saizi hii. Uliza kiwanda cha tairi unalolinunua kama wanaikubali 7.5. Lori linainuka sentimita tatu. Stelingi inakuwa nzito kidogo, na stelingi ya M35A2 haina msaada wowote wa hidroliki, ni mikono yako tu. Ila dereva mwenye nguvu za kawaida anaizoea. Mwendo wa juu unatoka kilomita 90 kwenda karibu 95 kwa mzunguko ule ule wa injini. Breki zinapoteza asilimia sita, kiasi ambacho mfumo uliokarabatiwa vizuri unakimudu.

Faida nyingine ni upatikanaji. 11.00R20 na 11.00-20 ni saizi za malori ya kibiashara. Muuzaji wa matairi ya malori Mombasa, Dar es Salaam au Kampala anazijua, tyubu na flepu zake (mkanda wa mpira unaoikinga tyubu kwenye ringi) anazijua, na fundi pancha wa barabarani amewahi kuzifungua. Tairi la 395/85R20 likipasuka mbali na Marekani au Ulaya, utalisubiri kwenye meli. Kwa mwenye lori la kuzunguka nalo nchi kwa nchi, jambo hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Udhaifu wake ni mwonekano na mchanga. Halina ule upana unaoelea juu ya mchanga laini. Na kwa kuwa lina tyubu, huwezi kushusha upepo chini sana: tairi linaweza kuzunguka juu ya ringi, likaivuta tyubu na kuing'oa shingo ya valvu.

14.5R20, kwa kifupi

M35A3, ile iliyofanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya 1990 ikapewa injini ya Caterpillar 3116 na gia otomatiki, ilipewa pia singo za 14.5R20 pamoja na mfumo wa kuongeza na kupunguza upepo ukiwa ndani ya kebini. Kipenyo chake kinakaribia kulingana na 11.00R20, ila ni pana zaidi. Ringi zake zina matundu sita kama ya M35A2. Ukipata seti kamili ya ringi na matairi mabichi, ni mpango mzuri mno kwa mchanga na matope. Tatizo ni kuyapata mabichi. Mengi yanayouzwa ni ya zamani yaliyokaa juani kwa miaka, na anayetengeneza mapya ya saizi hiyo si wa kumtafuta kwa siku moja.

395/85R20: ukubwa wa mwisho unaoingia

Hili ni tairi la malori ya LMTV, yale yaliyochukua nafasi ya M35 jeshini Marekani. Kwa kuwa LMTV ni nyingi, na matairi yake hutolewa jeshini kabla kashata haijaisha, soko la mitumba lina matairi haya kwa bei inayovutia. Ndiyo maana wengi wanaishia hapa, na sisemi kwamba wanakosea.

Kwenye M35A2 yenye ekseli tatu linaacha sentimita nne kati ya tairi na tairi. Sentimita nne ni upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Inatosha kuzunguka, haitoshi kumeza jiwe. Ukipita kwenye kokoto kubwa au matope mazito yenye changarawe, ile nafasi inakuwa mahali pa kusagia, na kitakachosagwa ni kashata zako. Jeshi halikuweka nafasi ya sentimita 20 pale bila sababu.

Lori linainuka sentimita nane, na kebini inakuwa safari ya kupanda. Spidomita inadanganya: ikisoma 80, wewe uko kwenye 92 au 93. Gia ya tano sasa inaweza kukufikisha kilomita 104 kwa mzunguko ambao zamani ulikupa 90, na hapo ndipo watu hufurahi, maana injini inatulia barabarani na kelele zinapungua. Lakini rudi kwenye herufi ya mwendo: mengi ya matairi haya yanayotoka jeshini yana G, yaani kilomita 90. Gia imekuruhusu, tairi limekukataza. Mlimani na mzigo, gia ya tano inageuka kuwa pambo na utaishi kwenye ya nne.

Stelingi ndiyo itakayokuchosha kwanza. Tairi na ringi yake kwa pamoja vina uzito unaozidi sana ule wa seti ya 9.00-20, na upana wake unashika ardhi. Kuzungusha usukani lori likiwa limesimama ni kazi ya mwili mzima. Dawa ni kufunga stelingi ya hidroliki au angalau silinda ya kusaidia. Usiitafute baada ya kufunga matairi, itafute kabla. Angalia pia tairodi na beringi za mbele, kwa sababu ringi pana yenye ofseti mbaya inalisukuma tairi nje, mbali na mhimili wa kukatia kona, na kila shimo la barabarani linagonga beringi na mikono ya dereva.

Breki nilishazisema. Kwa anayechagua 395/85R20 ningependa aweke bajeti ya mabomba mapya yote, silinda za magurudumu mpya, na ikiwezekana silinda kuu yenye mizunguko miwili ambayo mafundi wa magari haya huifunga kama nyongeza. Fedha ikitosha kimoja tu kati ya matairi na breki, matairi yasubiri.

14.00R20 na 16.00R20: lori gani hasa?

Haya ni matairi ya lori kubwa zaidi, na huko kwake ni mazuri sana. M939A1, lori la tani tano, ilivishwa 14.00R20 za singo badala ya dabo za 11.00 zilizokuwa kwenye M939 ya kwanza. M939A2 ikaongezewa injini ya Cummins ya lita 8.3 na mfumo wa kurekebisha upepo ukiwa safarini. Malori haya yana breki kamili za upepo, stelingi ya hidroliki, difu ya 6.44 na nafasi ya kutosha kati ya ekseli za nyuma. Hapo 14.00R20 iko nyumbani. Kama kinachokuvuta ni mwonekano wa tairi la sentimita 126, basi badala ya kuilazimisha M35A2, nunua lori la tani tano. Mara nyingi tofauti ya bei kwenye mnada inamezwa na gharama ya ringi maalumu, kukata na kuchomelea.

Kuna njia ya tatu: kuikata M35A2, kuondoa ekseli moja ya nyuma, kufupisha chasisi na bodi, ikabaki na magurudumu manne. Hapo mpaka wa inchi 48 unaondoka, na watu hufunga 14.00R20, hata 16.00R20. Lori linakuwa jepesi na linapendeza. Lakini umeondoa theluthi ya breki zako, umeongeza tairi linalodhoofisha breki zilizobaki kwa asilimia 19 au 24, na umepunguza mzigo halali wa lori. Ekseli ya tani mbili na nusu, inayozungushwa na tairi la sentimita 134 ikiwa kwenye gia nzito porini, inabeba msokoto ambao haikuundiwa. Shafti zinavunjika. Anayefanya hivi kwa ajili ya maonyesho na matembezi ya Jumamosi ana haki yake. Kwa kazi, siwezi kumshauri mtu.

Matundu, duara na ringi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Habu ya M35A2 ina stadi (bolti za kushikia ringi) sita kwenye duara la inchi 8.75. Malori ya tani tano, M809 na M939, yana stadi kumi kwenye duara la inchi 11.25. LMTV nayo ina kumi, lakini kwenye duara la milimita 335. Kwa hiyo ukiona tangazo la "ringi za jeshi, matundu kumi", bado hujajua kama zinaingia kwenye M939 yako. Na ukinunua matairi ya LMTV yakiwa na ringi zake kwa ajili ya M35A2, umenunua matairi tu. Ringi ni chuma chakavu kwako, au mtaji wa kuuza.

Kwa 395/85R20 utahitaji ringi yenye upana wa kama inchi 10 na matundu sita. Zipo zinazotengenezwa mpya kwa ajili ya lori hili, zipo za M35A3, na zipo zilizokatwa katikati zikachomelewa sahani ya matundu sita. Hizo za mwisho ni za kuogopa, isipokuwa unajua nani alizichomelea, na vipi alihakikisha sahani imekaa katikati kabisa. Ringi iliyochomelewa na fundi wa mageti inaweza kuonekana safi kwa macho na ikapasuka kwenye mshono.

Kisha kuna ringi za asili zenyewe, zenye loki. Hii ni pete ya chuma inayobana ubavu wa tairi kwenye ringi. Upepo ndio unaoishikilia. Ikikaa vibaya na tairi likajazwa, inafyatuka kwa nguvu ya kuua mtu. Marekani ina kanuni maalumu ya usalama kazini kuhusu ringi za vipande vingi, namba 1910.177 ya OSHA, idara ya usalama kazini, na imewekwa kwa sababu mafundi walikuwa wakifa. Mtazame fundi mzuri anavyoanza: hagusi loki kabla ya kutoa sindano ya valvu. Anasubiri mlio wa upepo uishe wote. Kisha anapitisha waya mwembamba ndani ya shingo ya valvu, ausikie ukipita, kuhakikisha haikuzibwa na uchafu au barafu huku upepo ukiwa umebaki ndani. Akimaliza kufunga, anajazia tairi ndani ya kizimba cha chuma akiwa amesimama kando, mpira wa upepo ukiwa mrefu. Ukimwona fundi anajaza upepo huku ameinamia ringi na kugongagonga loki kwa nyundo, chukua lori lako uondoke.

Loki yenye kutu iliyokula ukingo haifai tena. Usiikubali ikisawazishwa kwa grainda.

Upande wa kushoto wa M35A2 una nati zenye nyuzi za kinyume, zinazofunguka kuelekea kulia. Zimewekwa alama ya L kwenye stadi, ila rangi ya jeshi huifunika. Stadi nyingi zimekatika kwa mtu kuongeza bomba kwenye spana akidhani nati imekwama. Ukihama kutoka dabo kwenda singo, zile nati za ndani zilizokuwa zinashika ringi ya kwanza zitoke, na uweke nati zinazolingana na mfumo wa singo. Ringi moja ikishikwa na nati zisizo zake italegea na kupanua matundu.

Tarehe ya tairi

Matairi ya jeshi yanauzwa kwa kashata. Picha itaonyesha kashata ndefu, "90%", na mnunuzi anaridhika. Tafuta alama ya DOT ubavuni, ile yenye tarehe ya kutengenezwa, soma tarakimu nne za mwisho. 2312 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Zikiwa tatu tu badala ya nne, tairi limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hapo hata ukipewa bure lichukue kwa ajili ya bembea ya watoto. Mpira unazeeka hata likiwa halijatembea kilomita moja. Bonyeza kidole gumba kwenye mifereji kati ya kashata na kwenye ubavu karibu na ringi: nyufa ndogo za juu juu zinavumilika kwa shamba, nyufa zinazofunguka ukibonyeza hazivumiliki popote. Omba picha ya alama ya DOT ya kila tairi, usiridhike na moja. Seti ya jeshi mara nyingi ni mchanganyiko wa miaka.

Ukikaribia kununua, pima tena lori lako mwenyewe, kwa sababu huenda mmiliki aliyetangulia alishabadilisha habu au springi. Zungusha usukani hadi mwisho kila upande na upime nafasi iliyobaki kati ya tairi la mbele na springi. Pima upana wa lori nje kwa nje. M35A2 ya asili ina karibu mita 2.44, na mpaka wa barabara kuu za Marekani ni inchi 102, yaani mita 2.59. Ringi ya singo iliyogeuziwa nje inaweza kukuvusha mpaka huo. Weka tairi moja tu la majaribio kwenye ekseli ya nyuma kabla ya kuagiza sita, inua gurudumu la upande huo kwa jeki kana kwamba limepanda jiwe, na uangalie linakaribia wapi kwenye bodi.

Baada ya kufunga, endesha kilomita 80 hadi 100 polepole, simama, gusa kila habu kwa mkono uone kama ipo iliyochemka kuliko nyingine, kisha kaza nati zote upya kwa kipimo, upande wa kushoto ukikumbuka nyuzi zake.